Kahawa Iliyolala Usiku Mmoja

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kinywaji baridi wakati wa joto, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Katika darasa la akina mama baada ya Alasiri, maswali huletwa yakiwa yameandikwa katika vipande vya karatasi, ili mwenye haya asizuiwe na haya yake kuijua dini yake. Kaskazi hii, joto likiwa limetukaa shingoni kama mzigo, kipande kimoja kiliuliza hivi: mabinti zetu siku hizi wanapenda kahawa baridi, na kuna aliyeanza kuiroweka nyumbani usiku kucha, je, kinywaji kilicholala ndani ya chombo usiku mzima hakijaanza kuelekea kuwa kileo? Chini ya swali hilo, mwandiko wa mtu mwingine ulikuwa umeongeza: na ikiwa ni halali, tufundishwe kuitengeneza, maana ile ya dukani bei yake hatuiwezi.

Darasa zima lilicheka, nami pia. Hata hivyo maswali hayo mawili yana uzito wake. La kwanza linauliza kinachoruhusiwa kuingia kinywani, na la pili linauliza kama nyumba isiyo na mashine wala fedha nyingi inaweza kuwakirimu watu wake. Nimeona niyajibu yote mawili hapa, kwa sababu waulizaji ni wengi kuliko waliohudhuria siku ile.

Kwanza, kahawa yenyewe si mgeni katika historia ya Waislamu. Buni asili yake ni Uhabeshi, lakini waliokieneza kinywaji chake ni watu wa Yemeni. Katika karne ya 15 masufi wa huko walikuwa wakiinywa ili wapate kukesha katika dhikri, na kutoka bandari ya Mukha ikasafirishwa hadi pembe nyingi za dunia. Neno letu kahawa ni lile lile la Kiarabu, qahwa, na kutokana nalo tukapata mkahawa, jina ambalo leo tunaliita hata pahali panapouza pilau na soda bila tone la kahawa.

Na wala si mara ya kwanza kwa watu kuitilia shaka. Mwaka 1511 mjini Makka, Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa mji kwa niaba ya utawala wa Misri, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku hayo hayakudumu. Baadaye katika karne hiyo hiyo Sheikh Abdul Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima kuitetea, akaeleza hoja za waliokataza na za walioruhusu. Msingi ulioshika ni ule tuujuao: kinacholevya ndicho kilichoharamishwa, na kahawa hailevyi. Huchangamsha akili, ilhali kileo huifunika.

Sasa tuje kwenye kulala ndani ya chombo. Mama aliyeuliza ana msingi wa swali lake, kwani vinywaji vingi vilivyoharamishwa huanza kwa kurowekwa. Lakini imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) walikuwa wakimrowekea kinywaji ndani ya kiriba, kilichorowekwa asubuhi alikinywa jioni, na kilichorowekwa usiku alikinywa asubuhi. Katika kitabu hicho hicho, Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba kinywaji hicho kilinywewa mpaka siku ya tatu, na kilichobaki baada ya hapo Mtume hakukinywa tena. Basi kuroweka si kosa. Kosa ni kukiacha kinywaji mpaka kigeuke, na muda uliowekwa na mapokezi hayo ni kipimo kizuri hata kwa jikoni mwetu leo.

Kahawa iliyorowekwa kwa maji matupu, bila sukari wala tende, ikakaa katika ubaridi kwa saa kumi na mbili au zaidi kidogo, haina cha kuigeuza kuwa kileo. Sukari ndiyo chakula cha chachu, kwa hiyo sukari na tende zitiwe wakati wa kunywa, zisirowekwe pamoja. Ikipita siku tatu, au ikitoa povu na harufu ya uchachu kabla ya hapo, imwagwe. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Na kwa wanaodhani kwamba kutaka kitu baridi ni anasa ya vijana, Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba kinywaji alichokipenda zaidi Mtume (S.A.W.) kilikuwa kile kitamu kilicho baridi.

Swali la pili ni refu zaidi, maana ni la mikono.

Ukiingia katika maduka mapya ya kahawa mjini, utaiona mashine inayong'aa ikitoa mvuke na kelele, na utaamini kwamba bila mashine hiyo hapana kahawa baridi. Gilasi moja nimeiona ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 400, fedha ambazo katika nyumba nyingi zetu ni kitoweo cha siku. Magunia ya kahawa kutoka Nyeri, Kirinyaga na Kiambu hupita hapa hapa bandarini Kilindini yakienda ng'ambo. Si haki tuione kahawa kuwa kitu cha watu wengine. Mashine hutumia maji ya moto na nguvu ya msukumo ili kuitoa ladha ya kahawa kwa sekunde chache. Asiye na mashine hutumia kitu kingine ambacho Mwenyezi Mungu amemgawia kila mmoja wetu, nacho ni muda. Usiku mmoja huifanya kazi ya mashine, na huifanya kwa upole zaidi, kwa sababu maji baridi hayautoi uchungu na ukali wote ambao maji ya moto huutoa. Ndiyo maana kahawa iliyolala huwa laini kinywani hata kabla ya kutiwa sukari.

Vifaa ni hivi: chupa pana ya kioo yenye kifuniko, kama ile tunayowekea achari, ikiwa imeoshwa ikatoka harufu yote ya pilipili, sufuria, chujio la chai, na kipande safi cha melimeli. Chukua gramu 100 za kahawa iliyokaangwa. Ukipata buni nzima, itwange kinuni iwe chengachenga, mfano wa chumvi ya mawe, isiwe unga. Ukiwa na ile ya pakiti iliyosagwa laini, itafaa, ila itakuchosha kidogo wakati wa kuchuja. Chemsha maji lita moja, yaache yapoe kabisa, kisha yamimine juu ya kahawa ndani ya chupa na ukoroge kwa mwiko mpaka kila chenga ilowe. Funika, uweke kwenye friji. Anayeanza baada ya Isha, saa mbili za usiku, ataikuta tayari saa mbili za asubuhi, na hata akiiacha mpaka saa nane mchana haitaharibika.

Sisemi "funika" kwa sababu ya vumbi tu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tufunike vyombo vyetu usiku na tulitaje jina la Mwenyezi Mungu juu yake. Binti anayefunga chupa ya kahawa na kusema Bismillahi anatimiza sunna hiyo jikoni mwake.

Asubuhi, weka melimeli juu ya chujio na umimine polepole. Usikamue kitambaa kwa nguvu, maana ukikikamua utaingiza mashapo na uchungu uliokuwa umeuacha nyuma. Machicha hubaki na sehemu ya maji, hivyo kutokana na lita moja utapata kama mililita 800 za kahawa nzito. Hiyo hainywewi vivyo hivyo. Kila gilasi hutiwa mililita 100 za kahawa, yaani chini kidogo ya nusu ya kikombe cha chai, kisha kiasi kama hicho cha maji baridi au maziwa, na vipande vya barafu. Pakiti moja ya gramu 100 basi imetoa gilasi nane. Kila mama anajua bei ya pakiti dukani kwake. Na agawanye kwa nane, alinganishe mwenyewe.

Viungo vyetu havikatazwi. Iliki mbili tatu zilizopondwa, kijiti cha mdalasini, au vipande vichache vya tangawizi kavu vinaweza kurowekwa pamoja na kahawa. Tangawizi iwe kidogo, kwa sababu usiku mzima huichochea kuliko ilivyozoea kufanya ndani ya dele.

Wakati mwingine usiku mmoja haupo. Mgeni amebisha hodi saa kumi, jua bado kali, na chupa haikurowekwa. Hapo tumia moto, na barafu ifuate. Chemsha kahawa tungu kama kawaida yako lakini iwe nzito maradufu: vijiko vikubwa vinne kwa robo lita ya maji. Iache itulie, ichuje, kisha usikimbilie barafu. Iweke sufuria ndani ya beseni la maji ya kawaida na uibadilishe maji hayo mara mbili. Nimelipiga hesabu jambo hili: robo lita ya kahawa iliyotoka motoni huhitaji kuyeyusha yapata gramu 250 za barafu mpaka iwe baridi ya kuburudisha, ilhali ikishapoa kufikia joto la chumba huhitaji gramu zisizofika 80. Wanaolalamika kwamba kahawa yao baridi imekuwa maji matupu, kisa chao ni hicho. Wameitia barafu kazi ambayo beseni lingeifanya bure. Na kahawa ya moto isimiminwe ghafla katika gilasi nyembamba yenye barafu, maana itapasuka.

Kahawa iliyobaki kwenye dele nayo ina matumizi. Iimimine katika trei ya barafu na uigandishe. Siku ya pili vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya gilasi havitapunguza ladha, vitaiongeza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe wala tusifanye israfu, na hapa kuepuka israfu na kupata kinywaji bora ni jambo moja.

Kuhusu maji nawaomba mnisikilize vizuri. Wengi wetu hununua maji ya mikokoteni au huteka ya kisima. Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Huvilaza tu, na barafu inapoyeyuka huamka ndani ya matumbo ya watoto wetu. Kwa hiyo maji ya kuroweka, na vile vile maji ya kugandishia barafu, yachemke kwanza mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja au zaidi, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yatumike. Barafu ya kununua mitaani ambayo hujui maji yake, ambayo pengine ilikusudiwa kuhifadhia samaki, zungusha nje ya chupa, usiitie ndani.

Na asiye na friji, au aliyekatikiwa umeme? Wazee wetu walipata maji baridi kabla ya nguzo za umeme kufika, kwa mtungi. Udongo wa mtungi huvuja unyevu kidogo kidogo, unyevu huo ukikaukia hewani huondoka na joto. Chukua chupa ya kahawa iliyokwisha kuchujwa na kufungwa vizuri, ivike kitambaa cha pamba kilicholowa, iweke ndani ya sinia lenye maji kidogo, dirishani panapopita upepo na pasipofika jua. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo haitakuwa baridi kama ingekuwa Garissa kwenye hewa kavu. Lakini itashuka chini ya joto la chumba, na upepo wa usiku husaidia zaidi kuliko wa mchana. Kahawa ya namna hii irowekwe usiku mmoja tu kwa maji yaliyochemshwa, inywewe siku hiyo hiyo, na isisubiri siku tatu.

Nimeyajua haya si kwa kusoma. Nyumbani kwangu kahawa baridi iliingia kwa sababu ya vidole vya mama yangu mzazi.

Mama ana zaidi ya miaka themanini, na kwa umri wangu wote nimemjua kwa kahawa ya baada ya Alasiri. Wake wa majirani walikuwa wakija barazani kwetu ya nyuma, dele likiwa juu ya makaa, kashata katika kisahani, na mambo ya mtaa mzima yakisuluhishwa hapo kabla ya Magharibi: nani ana mgonjwa, nani ameposwa, nani hajaonekana siku mbili na apelekewe mtu kumtazama. Miaka michache iliyopita viungo vya vidole vyake vilikakamaa. Kikombe chetu cha kahawa, mnavyokijua, hakina mkono. Hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole, na moto wake ni sehemu ya utamu wake. Mara moja kilimponyoka kikammwagikia pajani. Tangu siku hiyo akawa anasema kwamba kahawa haimpendezi tena.

Tulimpa kahawa ya vuguvugu katika kikombe cha chai. Alionja akakirudisha. "Kahawa vuguvugu," alisema, "ni kama salamu isiyoitikiwa." Na kwa kuwa hakunywa, hakuona sababu ya kutoka barazani. Alikaa chumbani na tasbihi yake. Majirani walikuja siku za mwanzo, kisha wakapungua, kwa kuwa mtu huona haya kumjia mwenyeji aliyejifungia. Sikulijua jina la kile kilichokuwa kikimtoka mama yangu, lakini nilikiona kikipungua mbele ya macho yangu kama maji ya mtungi wenye ufa.

Wakati huo binti yangu alikuwa amejifunza kwa rafikiye kuroweka kahawa, naye alikuwa akijitengenezea kwa ajili ya kusomea mitihani. Alasiri moja ya Februari alimpelekea bibi yake kikombe kizito chenye mkono, kahawa iliyolala, iliki, maziwa kidogo na vipande viwili vya barafu. Mama alikitazama kikombe, akamtazama mjukuu wake.

"Kahawa ikipoa humwagwa, mwanangu. Haiandaliwi mtu."

"Hii haikupoa, bibi. Haijapata kuwa moto. Imelala majini tangu jana usiku."

"Basi huu ni mwiku wa kahawa."

Nyote mnaujua mwiku, chakula kilicholala tunachokila asubuhi, ambacho mara nyingi ni kitamu kuliko kilivyokuwa usiku. Alionja kwa ajili ya kumridhisha mtoto. Kisha akaonja tena. Alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, wala hakikumchoma. Kinyume chake, ubaridi ulimpa raha vidoleni katika joto lile. Alikinywa chote, akauliza kama kipo kingine cha jirani yake wa mlango wa tatu.

Daktari wake tulimwuliza, akamruhusu kikombe kimoja kidogo cha mchana, bila sukari kwa sababu ya damu yake. Vidole havikunyooka, na sitaki mtu anielewe kwamba kahawa ni dawa ya viungo. Lililorudi ni baraza. Siku hizi nikitoka msikitini baada ya Alasiri nawasikia kabla sijafika mlangoni, na kazi ya kuchuja ameshikilia mjukuu wake, ambaye kwa kukaa pale na jagi mkononi amejua nasaba za mtaa kuliko mimi niliyezaliwa humo. Zile shilingi za dukani hazijapata kumfundisha hilo.

Ndiyo maana nasema swali la yule mama wa pili, aliyeona haya kwa kutaja bei, lilikuwa swali la dini pia. Mtume wetu (S.A.W.) amemhimiza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na siku ya mwisho amkirimu mgeni wake. Ukarimu haukuwekewa sharti la mashine. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake mpaka ufike wakati wa sala. Kwa hiyo enyi akina baba mnaosoma gazeti hili baada ya wake zenu kulimaliza, chupa na melimeli hazina jinsia. Anayeweza kufunga kilemba anaweza kuchuja kahawa.

Yamebaki mambo machache ya tahadhari, kwa kuwa kizuri hudhuru kikizidi kipimo.

Sukari haiyeyuki vizuri katika kinywaji baridi. Hukaa chini, nasi huendelea kuongeza huku ulimi hausikii. Iyeyushe kwanza katika maji ya moto kidogo, iwe shira nyepesi, kisha utie kijiko kimoja kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi yapata gramu 50 kwa siku, na kwamba kuipunguza hadi 25, yaani vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Humo imo ya chai, ya soda na ya kaimati pia. Tende mbili laini zilizopondwa katika maziwa ya moto na kuchujwa huleta utamu wenye ladha nzuri, ingawa mwenye kisukari azihesabu nazo kuwa ni sukari.

Mama mjamzito awe na kiasi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka ukomo wa miligramu 200 za kafeini kwa siku kwa mjamzito, na gilasi moja ya kipimo nilichokitaja huweza kukaribia au kupita kidogo miligramu 100. Chai nayo ina kafeini, hivyo ihesabiwe pamoja. Na yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu asinywe kahawa pamoja na chakula, kwa sababu huuzuia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo. Na aache ipite saa moja au zaidi.

La mwisho ni la saa. Ubaridi huidanganya koo, mtu akanywa gilasi tatu ambazo zingekuwa za moto angekunywa moja. Kafeini nayo haiharakishi kutoka: kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya aliyoinywa saa kumi na mbili jioni bado imo mwilini saa tano usiku. Masufi wa Yemeni waliinywa kahawa ili wakeshe wakimtaja Mola wao. Itakuwa hasara kubwa sisi tuinywe jioni, tukeshe na simu, kisha tulale wakati mwadhini wa Alfajiri anapotuambia kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Na wenye kuizoea, wiki moja mbili kabla ya Ramadhani wapunguze kidogo kidogo, wasije wakayaita maumivu ya kichwa ya siku za kwanza kuwa ni uzito wa saumu.

Basi anayetaka kuanza na aanze usiku wa leo, kwa pakiti moja na chupa ya achari. Kesho atakapoimimina, aanze kwa mzee wa nyumba, kisha aende upande wa kuume. Wanywe kwa kuketi, kwa Bismillahi, kwa mafunda matatu bila kupulizia ndani ya chombo. Na mwenye kugawa awe wa mwisho kunywa, kama tulivyofundishwa. Akibakiwa na gilasi moja, asiiweke kwa ajili yake ya kesho. Amtazame jirani ambaye hajaonekana siku mbili, ampelekee.

Namwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na vyombo vyetu, awape afya wazee wetu, awaongoze vijana wetu, na atunyweshe sote katika hodhi ya Mtume wetu (S.A.W.) kinywaji ambacho atakayekinywa hatapata kiu tena. Amin. Wabillahi tawfiq.